Bibi Alipotangulia Japani

Mwenye nyumba ya wageni alipiga magoti, akausukuma mlango wa karatasi ukateleza pembeni, na kabla sijakiona chumba nikaisikia harufu yake. Kilinukia nyasi zilizokaushwa juani, harufu ya mkeka mpya ambao bado haujakanyagwa. Sakafu nzima ilikuwa mikeka, imepangwa ukingo kwa ukingo, ya rangi ya kijani inayoelekea manjano. Nilikuwa nimetoka Stafford, pembeni mwa Houston, ninakoishi na kufanya kazi ya uuguzi, nikaenda Japani kwa likizo niliyoitamani miaka mingi. Tangu asubuhi nilikuwa nimezunguka mahekalu ya mlimani nikitazama miti ambayo majani yake hugeuka mekundu kama pilipili zilizoiva, nikapiga picha nyingi kuliko nitakazowahi kuzitazama. Hakuna hata moja iliyonigusa kama harufu ile. Nikaketi palepale kizingitini na soksi zangu miguuni. Mwenye nyumba akadhani naumwa.

Nilipobaki peke yangu nikampigia Mama simu, Dallas.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Na safari hii ni Japani ya kweli?"

Nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa yananilengalenga. Maana mimi nilishawahi kwenda Japani nikiwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Nilikwenda kwa treni, nikitokea Dallas.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Vickery Meadow, kwenye yale maghorofa ya matofali yaliyobanana, ambapo ukipanda ngazi kila mlango unakupa harufu ya chakula cha nchi nyingine. Baba alifanya kazi kwenye ghala kule Mesquite, akipanga maboksi. Mama alitandika vitanda hotelini. Wao walizaliwa Burundi, mimi nikazaliwa kambini Tanzania, na nyumbani kwetu Kirundi kilikuwa cha mambo mazito ya wakubwa na Kiswahili cha mambo mengine yote. Kiingereza nilikuwa ndiyo naanza kukiokota shuleni.

Kambini tulimwacha Bibi, mama yake Mama. Jina lake halikutoka pamoja na yetu kwenye orodha ya kuhamia Amerika. "Atafuata," kila mtu alisema, na Bibi mwenyewe alisema hivyo hivyo siku ile basi lilipokuja kutuchukua, huku akinifuta vumbi usoni kwa kiganja. Kile kiganja kilikuwa kikavu na chenye mikwaruzo, kwa sababu Bibi alisuka nyungo. Aliketi chini amenyoosha miguu, akapasua mianzi kwa kisu, akailainisha kwa meno, na mimi nikalala kando yake nikisikia ile sauti ya fito zikipita juu na chini, juu na chini, mpaka usingizi unichukue. Nyungo zake zilipepeta maharage ya nusu ya kambi. Alilalamikia kitu kimoja tu duniani: baridi. Hata jua likiwa kali alijifunika kanga mbili. Kwa hiyo tulipofika Dallas, kitu cha kwanza Mama alichonunua ambacho hakikuwa chakula kilikuwa sweta la Bibi, rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vikubwa vya mbao. Lilining'inia kabatini kwetu likimngoja, na lebo yake ya dukani bado iko shingoni.

Siku moja ya baridi simu ililia wakati Mama anafunga viatu vyake vya kazini. Alisikiliza. Kisha akaketi sakafuni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akabaki hivyo. Baba aliporudi kutoka Mesquite walizungumza Kirundi chumbani, mlango umefungwa. Baadaye akatoka, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mwanangu," akasema, "Bibi ametangulia."

"Ametangulia wapi?"

"Mbele. Sisi sote tutamfuata, kila mtu kwa siku yake."

Nilifurahi sana. Naomba msomaji anielewe. Katika maisha yangu mafupi, kutangulia kulikuwa na maana moja tu. Kambini, baba yake rafiki yangu alitangulia Kanada, na mvua zilipoanza tena familia yake ikamfuata. Mjomba alitangulia Australia. Mtu hutangulia, akakutayarishia mahali, nawe ukaja na begi lako. Kwa hiyo Bibi alikuwa amepata nchi, nasi tungeitwa.

Kilichonishangaza ni Mama. Badala ya kufurahi, alinyamaza. Alikwenda kazini, akarudi, akapika, akalala, na kati ya hayo hakuwa na neno. Baba alitaka tukae matanga, watu wa parokia waje tusali. Mama akakataa. Haya niliyajua nilipokuwa mkubwa, aliponieleza mwenyewe. "Matanga ya nini?" alimwambia Baba. "Maiti sikuiosha, kaburi sikuliona, mchanga sikuutupa. Nitawakalisha watu nyumbani kulia kitu gani?" Kesho yake alikuwa hotelini akitandika vitanda. Baba alijaribu kumchekesha, akajaribu kumnyamazia, akajaribu kumletea mihogo kutoka duka la mbali. Baridi ikapita, miti ya barabarani ikaanza kuchipua, na Mama akawa bado yuko palepale.

Ndipo Jumapili moja Baba akatoka misani na tiketi alizopewa na mwanamke mmoja wa parokia. Mama alikuwa anaosha vyombo. Baba akazipepea hewani.

"Jumamosi tunaenda Japani!"

"Sina nguvu," Mama akasema bila kugeuka.

"Nguvu za nini? Utakaa tu kwenye treni, utazame nje. Mtoto naye atatembea."

Kule Fort Worth kuna bustani kubwa iliyotengenezwa kwa namna ya Kijapani, na maua yakichanua hufanyika sikukuu ya ngoma, chai na kazi za mikono. Hiyo ndiyo Japani aliyoisema Baba. Kwa Mama hakuhitaji kufafanua, na mimi hakukumbuka kunifafanulia. Nilisimama pale jikoni na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Bibi alitangulia Japani. Sasa tumeitwa.

Kitu kimoja tu kilinitia simanzi, nacho kilikuwa Neema, rafiki yangu wa mlango wa pili, mtoto wa Kikongo. Nilimwambia kwenye ngazi, kwa siri, kwamba tunahama. Yeye, kama kawaida yake, alisikia Kiswahili akajibu kwa Kiingereza: "Who's gonna sit with me on the bus?" Hilo la nani atakaa naye kwenye basi la shule sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nitaacha nafasi yangu, asimpe mtu mbaya. Akauliza nitarudi lini. Nikamweleza kwa upole, kama mtu mwenye uzoefu, kwamba watu wanaohama hawarudi. Neema akaingia kwao akafunga mlango, nami nikakaa kwenye ngazi peke yangu, nikiwa na uzito kifuani ambao niliufahamu tangu siku ile ya basi la kambini.

Jumamosi asubuhi nilimwaga daftari zangu chini ya kitanda na kufunga begi upya. Niliweka magauni mawili, mswaki na rozari. Kisha nikapanda kiti, nikalishusha sweta la Bibi kabatini, nikalikunja mpaka likaingia. Mama aliona begi limetuna, akadhani ni midoli. Hakuwa na nguvu za kuuliza.

Tulipanda treni ya mjini, tukabadilisha, tukapanda ile kubwa yenye ghorofa inayokwenda Fort Worth. Nilikaa dirishani nikaiaga Amerika. Niliyaaga mabarabara yanayopanda juu ya mabarabara, viwanja vya magari yaliyokufa, farasi wachache kwenye majani. Mwanamume mwenye kofia alipopita kukagua tiketi nilibana pumzi, kwa kuwa nilijua jinsi karatasi zinavyoweza kumbakiza mtu. Akatabasamu, akapita. Baba alimwonyesha Mama hiki na kile, naye Mama akaitikia "mm" na "mm."

Na mlangoni, jamani, mlangoni walitupiga muhuri! Binti mmoja aliushika mkono wangu akaugonga kwa wino juu ya kifundo, ua dogo la waridi. Baba akapigwa, Mama akapigwa. Nilijua basi kwamba tumekubaliwa sote watatu.

Japani ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na maji yaliyotulia kati ya vilima, na madaraja, na miti iliyojaa maua mepesi ambayo upepo ukipita yalimwagika juu ya vichwa vya watu kama maharusi. Ngoma zilipigwa mahali fulani nyuma ya miti, ngoma kubwa za kusimama, na Baba akasimama ghafla akasema, "Sikiliza! Kama za kwetu," na kwa mara ya kwanza Mama akainua uso. Wanawake walipita wamevaa majoho ya maua, wamefungwa mikanda mipana yenye fundo kubwa mgongoni. Nilidhani kila mmoja amebeba mtoto. Niliwafuata wawili watatu nikichungulia kama kuna kichwa, nikashangaa watoto wa Japani wanavyolala bila kutikisika.

Ziwani kulikuwa na samaki wakubwa, wekundu na weupe, wakifumbua midomo juu ya maji. Baba akawatazama kwa uchungu. "Samaki wote hawa, na hakuna anayewavua?" Kisha tukapewa chai ya kijani iliyopigwa povu, chungu kama dawa ya malaria, na kitafunwa laini kilichojazwa kitu cheusi kitamu. Baba alipoambiwa ndani ni nini, alikirudisha sahanini.

"Maharage," akamnong'oneza Mama. "Wameyatia sukari. Maharage!"

Mdomo wa Mama ukacheza pembeni. Haikuwa tabasamu, lakini ilikuwa jirani yake.

Mimi sikuwa na muda wa maharage. Nilikuwa namtafuta Bibi. Nilitazama kila mtu mzee, kila kitambaa cha kichwani. Wao wakiwa bado na vikombe mkononi, nikapanda kijia cha mawe mpaka kwenye banda la mbao lililo wazi upande mmoja, na hapo ikanijia harufu. Nyasi kavu. Mkeka mpya. Sakafu ya banda ilitandikwa mikeka, na katikati yake, amenipa mgongo, aliketi mwanamke mdogo aliyeinama, kitambaa kichwani. Mikono yake ilikuwa inakwenda. Nikasikia fito zikipita juu na chini, juu na chini. Alikuwa anasuka ungo.

"Bibi!"

Nilikimbia na viatu vyangu juu ya ile mikeka misafi, nikamkumbatia shingoni kwa nyuma, nikabana uso wangu mgongoni kwake. Alikuwa mwembamba kama Bibi. Mikono yake ikasimama. Kisha akageuka polepole, na uso ulionitazama ulikuwa uso wa mtu mwingine.

Nadhani sikulia mara moja. Nilimtazama nikingoja abadilike. Naye hakunisukuma wala hakuuliza kitu. Aliweka kazi yake chini na kuushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kikavu, chenye mikwaruzo. Hapo ndipo nilipopiga yowe.

Mama na Baba walinikuta hivyo. Baba alianza kuomba radhi kwa Kiingereza chake cha ghalani, akinivua viatu huku anaomba radhi. Mama alipiga magoti.

"Una nini? Unamtafuta nani?"

"Bibi," nikasema. "Baba alisema ametangulia. Yuko wapi? Mbona hayupo hapa?"

"Hapa wapi, mwanangu?"

"Hapa Japani! Nimemletea sweta."

Nikafungua begi, nikavuta sweta, magauni yakatoka pamoja nalo, mswaki ukaanguka mkekani. Mama alivitazama vile vitu kimoja kimoja. Aliyekwisha kufunga begi la kukimbia haambiwi maana ya mswaki. Alilichukua lile sweta, akauzamisha uso wake ndani, na sauti iliyotoka humo sikuwahi kuisikia kwake, wala sijaisikia tena. Watu waliokuwa wanapita kijiani wakasimama. Yule mama mzee akainuka, akasukuma milango ya karatasi ikafunga upande uliokuwa wazi, nasi tukabaki ndani kwenye mwanga mweupe kama wa maziwa. Kisha akaketi tena mahali pake. Hakuondoka na hakututazama. Alikaa tu.

Mama alilia mpaka akamaliza. Alipojipangusa, akanivuta mapajani.

"Nisikilize. Bibi amekufa. Amekufa, mwanangu, hakuhama. Walimzika kule kambini."

"Kwa hiyo hayupo Japani?"

"Hayupo."

"Na Kanada?"

"Hayupo."

Nikamtajia nchi zote nilizozijua. Nilimtajia Australia, na Norwei, na hata Burundi yenyewe. Kwa kila moja Mama aliniambia hayupo, kwa sauti ileile, bila kuchoka, mpaka nchi zikaniishia. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza na yeye kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake.

Baba ndiye aliyemweleza mwenyeji wetu. Aliitwa Bi Haruko. Alikuja Texas akiwa bibi harusi, akazeeka hapohapo Fort Worth, na kila sikukuu ya maua alikuja kuonyesha watu usukaji wa mianzi aliofunzwa na mama yake. Alisikiliza, akitikisa kichwa. Kisha akasema maneno mengi kwa upole, na Mama, ambaye Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha mashuka na taulo, akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema mama yake naye alifia kule Japani, yeye akiwa huku. Alikuwa na watoto wadogo, hakuweza kwenda. Hakumzika." Baba akasikiliza tena. "Anasema kwao, wakati wa kiangazi, marehemu huja kuwatembelea watu wao. Mtu huwasha moto mdogo mlangoni ili wasipotee njia. Wanapikiwa, wanaongeleshwa, kisha wanasindikizwa."

Mama akafikiri. "Muulize. Hata waliozikwa mbali?"

Baba akauliza. Bi Haruko akacheka kidogo, akionyesha kwa mikono kitu kikubwa cha mraba.

"Anasema anauwasha mbele ya gereji yake. Kila mwaka. Na mama yake hajawahi kukosa kuja."

Mama aliangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akaunyoosha mmoja akaokota ungo ule uliokatishwa na yowe langu. Aliugeuza, akapima mshiko wake kwa kidole gumba. Bi Haruko akamsogezea fito. Mama akapitisha moja, ikakwama, akaing'oa, akailainisha kwa meno, akapitisha tena. Wakasuka hivyo, huyu upande huu na huyu upande ule, kila mmoja kwa mtindo wa mama yake, na walipofika katikati mistari haikukutana. Bi Haruko akaelekeza kidole pale ilipopishana, akasema neno la Kijapani, na Mama akasema neno la Kirundi, na nina hakika lilikuwa neno lilelile. Wakacheka. Mimi nililala mkekani kando yao nikisikiliza juu na chini, juu na chini, mpaka usingizi ukanichukua.

Katika treni ya kurudi Mama alikaa dirishani, na Dallas ilipoanza kuonekana akasema, kama anayeendeleza mazungumzo ya siku nyingi, "Mimi ni Mkatoliki, moto siwashi. Lakini mama yangu hajasaliwa hata rozari moja mlangoni kwangu."

"Nimwambie Mama Neema?" Baba akauliza, akichagua maneno kama anayetembea juu ya mayai.

"Mwambie. Waambie wote."

Tulikaa matanga Jumamosi iliyofuata, baada ya majuma mengi ya kuchelewa. Sikujua kwamba tunawafahamu watu wengi hivyo. Walijaa sebuleni, walijaa ukumbini, wanaume wakakaa kwenye ngazi na viti vya kukunja mpaka uwanjani. Mama Neema, mama yake rafiki yangu, alikamata jiko tangu asubuhi akiamuru watu kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Minasema lete maji! Mutu amekuja kulia, asilie na njaa!" Neema alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo kama bado nahama. Nilipomwambia hapana, alisema "Good," akanigawia nusu ya chapati yake.

Bi Haruko naye alikuja, ameendesha mwenyewe kutoka Fort Worth. Alivua viatu mlangoni, akavipanga, na watu waliokuwa wamekwisha kuketi wakaangalia vyao, wakainuka mmojammoja kwenda kuvivua. Alileta boksi la vile vitafunwa vya maharage. Baba alikula kimoja mbele ya watu wote na kusifu.

Baada ya rozari, mzee wa parokia aliuliza kama kuna wa kusema lolote juu ya marehemu. Baba alianza kuinuka, kwa sababu miezi ile yote yeye ndiye alikuwa msemaji wa nyumba yetu. Mama akamgusa bega, akasimama yeye. Aliongea kwa muda mrefu. Alisema jinsi mama yake alivyovuka mto na watoto migongoni, jinsi alivyoiogopa baridi na asiogope kitu kingine, jinsi alivyomkimbiza mwizi wa kuku kwa ungo. Watu walicheka wakilia. Kisha akasema, "Mama yangu aliitwa Ntirampeba Melania."

Nikainua kichwa. Kwangu alikuwa Bibi, basi. Haikuwahi kunijia kwamba alikuwa na jina, kwamba kuna mtu alimpakata siku ya kwanza akamchagulia. Mama aliniona. Akanyoosha mkono, nikapita kati ya magoti ya watu mpaka nikamfikia.

"Ni Kirundi," akaniambia, wala hakunong'ona. "Maana yake, Mungu hajaniacha. Lichukue. Liseme, watu wasikie."

Nikalisema. Kwa lile pengo la meno, jina lilitoka na filimbi ndani yake. Na chumba kizima kikaliitikia, wa ukumbini wakalipokea, likashuka kwenye ngazi kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka nikawasikia wanaume wa uwanjani, nje kabisa, wakimtaja bibi yangu.